Atahesabiwa Amejiuzulu

Pale ofisini kila mtu alimwita Wifi, ingawa alikuwa wifi wa mtu mmoja tu. Mtu huyo alikuwa Bi Nukta, mfasiri mwandamizi wa shirika, mjane mrefu wa miaka hamsini na ushei, aliyepewa jina hilo kwa sababu rasimu yoyote iliyopita mikononi mwake haikutoka na nukta iliyokaa pasipo pake. Marehemu mumewe alikuwa kaka wa Wifi, toka nitoke. Walizaliwa wawili tu, na kaka alipotangulia mbele ya haki, Bi Nukta hakurudi kwao. Alisema ukwe haufi na mtu.

Yeye ndiye aliyemleta Wifi pale kazini. Mume wa Wifi alikuwa ameaga kwenda kutafuta maisha, maisha akayapata, kurudi akasahau, akamwachia watoto watatu na kitanda kibovu. Bi Nukta alimwendea Mkuu wa kitengo akamwombea nafasi ya kibarua, mkataba wa miezi sita sita. Akamfundisha kazi tangu kushika kalamu nyekundu: usifasiri neno kabla hujasoma sentensi, usifasiri sentensi kabla hujaelewa anayesema anataka nini. Wifi alikuwa mwepesi wa kushika. Mwepesi wa kucheka pia. Akichelewa asubuhi, tarishi alikuwa akipita mlangoni anasema, "Leo wifi haishiki," na hata Mkuu, ambaye kicheko chake kilikuwa adimu kama meno ya kuku, alitabasamu.

Chumba chao kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya fundi wa matairi. Meza moja ndefu, kamusi zilizovunjika migongo zikashikizwa kwa gundi ya karatasi, feni iliyolalamika kuliko ilivyopuliza. Kiti cha dirishani kilikuwa cha Bi Nukta. Cha Wifi kilikuwa upande wa pili, karibu na ukuta wa mbao nyembamba uliowatenga na Mkuu.

Mwaka huo shirika lilitoa kanuni mpya za utumishi, zimeandikwa kwa Kiingereza kizito cha wanasheria, na kitengo kikapewa kazi ya kuzitia katika Kiswahili ili kila mtumishi, hadi mfagiaji, azielewe. Wakagawana sura. Kifungu cha utoro kazini kikamwangukia Wifi.

"Wifi," aliita asubuhi moja, "hili 'deem' nalifanyaje? Kamusi inasema kudhani, kuona, kufikiri. Mtumishi asiyeonekana kazini siku kumi mfululizo bila taarifa, niandike 'atadhaniwa amejiuzulu'?"

"Atadhaniwa na nani?" Bi Nukta alijibu bila kuinua kichwa. "Ukimdhania mtu jambo, akaja akakwambia sivyo, unamwomba radhi, yanakwisha. Hilo neno haliombi mtu radhi."

"Basi 'atachukuliwa kuwa amejiuzulu'."

"Achukuliwe apelekwe wapi?"

Wakaangua kicheko mpaka Mkuu akagonga ukuta.

Bi Nukta aliweka kalamu chini. Alikuwa na ugonjwa mmoja: neno likimshika hakulala mpaka ajue ukoo wake. Akavuta kiti akaeleza kwa sauti ya chini. Kitenzi hicho, alisema, ni kizee. Zamani za kale, Kiingereza kilipokuwa bado lugha ya wakulima na wapiganaji, maana yake ilikuwa moja tu: kuhukumu. Anayekaa kitini akasema huyu ana kosa, huyu hana, alikuwa anafanya tendo hilo. Kilikuwa na ndugu wa tumbo moja, nomino, 'doom'. Leo ukiisikia hiyo unafikiri maangamizi, lakini wakati huo ilikuwa hukumu tu, nzuri au mbaya. Ndiyo maana siku ya kiyama Waingereza wa kale waliipa jina lenye neno hilo ndani yake: siku ya hukumu. Na kuna kisiwa kimoja kidogo huko kwao ambako mpaka leo jaji huitwa kwa jina lililotokana na kitenzi hichohicho.

"Kikazeeka," alisema Bi Nukta, "kikalegea meno. Watu wakaanza kukitumia kwa adabu tu: naona ni heshima kukaribishwa kwako, naona inafaa tuondoke. Mahakamani kazi yake ya zamani ikachukuliwa na maneno mengine yaliyokuja na Wafaransa. Lakini wanasheria hawatupi kitu. Wakakiokota, wakakipa kazi mpya. Kinasema: jambo hili hata kama si kweli, sisi tutaliendesha kama kweli. Barua ikishapelekwa posta inahesabiwa imekufikia, hata kama panya wameila njiani. Basi andika hivyo. 'Atahesabiwa amejiuzulu.'"

"Hata kama hajajiuzulu?"

"Hata kama hajajiuzulu. Hata kama amelazwa hospitali anaota yuko kazini."

"Neno katili hilo."

"Si katili. Ni kiziwi."

Wifi aliandika. Kanuni zikapigwa chapa, kila mtu akapewa kijitabu chake, na mambo yakaendelea.

Mama aliteleza bafuni msimu wa mvua. Mama huyu alikuwa mama mzazi wa Wifi na mama mkwe wa Bi Nukta, akiishi peke yake mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi. Jirani alimkuta sakafuni, nyonga imevunjika. Simu ilimfikia Wifi akiwa kazini, na alipoikata uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Nenda," alisema Bi Nukta. "Nitakushikia kazi zako."

Wifi alichezea kifuniko cha kalamu. Kisha akasema polepole, "Wifi, mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi. Mkuu kashaniambia nafasi hamna mpaka mmoja wenu atoke. Mimi nikikosa siku mbili hapa, wananifuta kama chaki. Na watoto nimwachie nani? Wewe una ajira ya kudumu. Wewe ukiondoka hata mwezi, kiti chako kinakusubiri." Machozi yakamlengalenga. "Ningekuwa na namna nisingekwambia."

Bi Nukta alimtazama. Hakuona la kufikiri sana. Mama mkwe ni mama. Siku alipozikwa mwanawe, Mama alimshika mkono akamwambia, "Sikukuzaa, lakini nimekupata." Maneno kama hayo mtu hayasahau.

"Mwambie Mkuu," alisema huku akikusanya mkoba. "Leo hayupo, yuko mikutanoni. Kesho akifika tu, mwambie nimekwenda kumuuguza Mama, likizo ya dharura, siku zitategemea mgonjwa."

"Kabla hajakaa kitini nitakuwa nimemwambia."

Pale kitengoni ndivyo ilivyokuwa. Mtu akifiwa au akiuguliwa, mwenzake wa meza ndiye alikuwa mdomo wake, na karatasi zilijazwa akirudi. Bi Nukta mwenyewe alikuwa amewasemea wenzake mara nyingi, akiwemo Wifi siku mtoto wake mdogo alipopata degedege.

Alimkuta Mama wodini, mdogo kuliko alivyomwacha. Siku ya pili, akimwogesha kitandani, simu yake ilitumbukia katika beseni la maji ya sabuni na haikuamka tena. Namba zote zilikuwa humo. Kuanzia hapo akawa anatumia simu ya Mama, ile ya vitufe, ambayo Mama kwa uziwi wa sikio moja alikuwa ameifunga kwenye sauti kubwa ya kusikika chumba kizima. Hiyo ndiyo Wifi aliyoipigia jioni hiyo.

"Umemwambia?" Bi Nukta aliuliza.

"Nimemwambia, wifi. Amesema pole sana, mtunze mgonjwa, fomu utajaza ukirudi. Usiwe na wasi hata kidogo."

"Alhamdulillahi," alisema Mama kutoka kitandani. "Bosi mwenye utu."

Kwa hiyo Bi Nukta hakuwa na wasi. Alilala kwenye mkeka chini ya kitanda cha wodi, na walipotoka hospitali alilala kwenye mlango wa chumba cha Mama ili asimame kabla hajaitwa. Alimgeuza ubavu asipate vidonda. Alimkata kucha, alimsuka, alimwaga kilicho cha kumwagwa bila kukunja pua. Mama akiona haya alimtania: "Mama, mimi nimefasiri hotuba za mawaziri, hiki si kichafu." Mama alicheka mpaka nyonga ikamuuma. Wifi alipiga simu kila baada ya siku mbili tatu, na kila mara, kabla hajaulizwa, alisema kazini kwema, Mkuu anakusalimu.

Mama alipoanza kusimama na magongo, na mpwa wake mmoja akakubali kuja kukaa naye, Bi Nukta akafunga mkoba. Ilikuwa imebaki kidogo mwezi uishe.

Alifika ofisini asubuhi moja kwa moja kutoka kituo cha mabasi. Tarishi alimwona kwenye ngazi, akasimama na birika mkononi.

"Bi Nukta! Umetuacha hivihivi, hata kutuaga?"

"Nilikwenda kuuguza, nimeacha nini?"

Tarishi akaendelea kushuka.

Chumbani, kwenye kiti cha dirishani, alikuwa amekaa Wifi. Vikombe viwili vya kalamu, kimoja cha Bi Nukta kimoja cha Wifi, vilikuwa vimewekwa pamoja. Miwani ya akiba ya Bi Nukta, kanga aliyokuwa akijifunika feni ikizidi, na kamusi yake binafsi vilikuwa ndani ya katoni chini ya meza, katoni imefungwa kwa kamba vizuri. Hicho ndicho alichokikumbuka baadaye kuliko vyote: fundo lilikuwa zuri, la mtu asiyekuwa na haraka.

Wifi alisimama. Kutoka nyuma ya ukuta wa mbao Mkuu akaita, "Bi Nukta, njoo huku tafadhali."

Mkuu alikuwa mtu mwembamba aliyevaa tai hata siku za jua kali. Hakuwa mbaya. Alikuwa mtu wa kanuni, na mtu wa kanuni hana ubaya mpaka kanuni ikufikie wewe.

"Ulijiuzulu," alisema.

"Nilijiuzulu lini, Mkuu?"

"Siku kumi zilipotimia. Kifungu unakijua, kimetoka mikononi mwenu. Makao makuu yameshathibitisha na nafasi imejazwa."

"Lakini nilitoa taarifa! Nilimtuma Wifi. Na wewe ukasema pole, fomu nitajaza nikirudi."

Mkuu alivua miwani. "Mimi nimesema hayo? Bi Nukta, nilimuuliza mwenyewe, mara mbili, kwamba mwenzako yuko wapi. Alisema hajui, hukumuaga. Tukapiga simu yako haipatikani. Nilishangaa, maana si tabia yako. Lakini ningefanyaje?"

Akaita. Wifi akaja, akasimama mlangoni huku ameshika mwimo.

"Sema mbele yake," alisema Mkuu. "Alikutuma kwangu au hakukutuma?"

Fundi wa matairi chini alikuwa akigonga chuma. Aligonga, akanyamaza, akagonga tena.

"Sikuambiwa, Mkuu," alisema Wifi akitazama sakafu.

Bi Nukta alidhani hakusikia vizuri. Akamsogelea. "Wifi. Mama yako nimemwacha jana. Nguo alizovaa leo nimezifua mimi. Unasema hukuambiwa nini?"

Wifi akarudia maneno yaleyale, kwa sauti ndogo zaidi.

Mtu akipigwa kofi na adui hushika shavu. Bi Nukta hakujua ashike wapi. Alichukua katoni, akashuka ngazi, na alipofika barabarani alikaa juu ya tairi kuukuu mbele ya karakana ya fundi, watu wakimpita, mpaka fundi akamletea maji katika kopo akamuuliza kama anaumwa.

Kanuni zilimpa haki ya kukata rufaa kwa kamati. Akakata. Kisha akapanda basi tena kurudi kwa Mama, kwa kuwa alikuwa na shahidi, na shahidi alikuwa na simu ya sauti kubwa.

Mama alisikiliza habari yote akiwa amekaa kitandani, magongo yamelala mapajani. Alipiga kelele. Alisema hakuzaa mtoto wa hivyo, amebadilishiwa hospitali. "Nilisikia kwa sikio langu hili zima! 'Nimemwambia, wifi.' Nikasema alhamdulillahi. Siku ya kamati nitakuja mwenyewe, hata kwa kutambaa. Watanisikia."

"Mama, ni binti yako. Sitaki kukulazimisha."

"Na wewe ni nani wangu?"

Bi Nukta alirudi mjini moyo umetulia kidogo. Hakuomba Wifi afukuzwe. Katika rufaa yake aliandika mambo mawili tu: kwamba alitoa taarifa, na kwamba anaomba kurudi kazini. Usiku mwingine alijikuta akimtafutia Wifi udhuru. Labda aliogopa. Labda alitaka kusema kesho, na kesho ikawa kesho. Alikuwa tayari kusikia hata uongo mzuri, mradi uje na mtu wa kuusema. Wifi hakuja.

Siku moja kabla ya kikao Mama alifika mjini. Bi Nukta alikuwa ameandaa kitanda, ameazima kiti cha chooni chenye mikono ili asihangaike kuchuchumaa. Alingoja mpaka alasiri. Ndipo jirani wa Wifi alipopita akasema kwa nia njema, "Hongera, mama mkwe wako kafika salama, nimemwona kwa wifi yako, kakaa sebuleni na wajukuu."

Alikwenda kwa miguu. Mama alikuwa kwenye kochi, mtoto mdogo wa Wifi amemlalia ubavuni. Wifi alipomwona Bi Nukta aliingia jikoni na hakutoka.

"Karibu, mwanangu," alisema Mama. Macho yalikuwa kwa mtoto.

"Mama, nimekuandalia kitanda."

"Hapa pananitosha. Wajukuu wamenililia." Akamkuna mtoto kichwa. "Mwanangu, kuhusu ile kesho. Nimefikiri sana njiani. Mimi sikumbuki vizuri. Zile dawa za maumivu, si unajua, zilikuwa zinanipa usingizi. Huenda nilisikia, huenda niliota."

Bi Nukta alikuwa bado amesimama. "Mama, unakumbuka au hukumbuki?"

"Huyu ana watoto watatu. Wakimfukuza watakula nini? Watarudi kwangu, na mimi ndiyo huyu, mguu mmoja. Wewe umesoma, uko peke yako, huna wa kukulilia njaa. Utapata pengine."

"Sikuuliza hayo. Nimeuliza kama unakumbuka."

"Usinikumbushe," alisema Mama. "Nakuomba, usinikumbushe."

Bi Nukta alikuwa amevumilia maneno "huna mtoto" kutoka kwa watu wa kila aina, lakini hayakuwahi kutoka kinywa hicho. Alimfunika mtoto miguu, kwa mazoea tu, kwa sababu shuka lilikuwa limeteleza. Akaondoka.

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Mwenyekiti kutoka makao makuu, bibi mmoja wa idara ya utumishi aliyeandika muda wote, na mwakilishi wa wafanyakazi, mtu mnene mwenye huruma, aliyekuwa akimjua Bi Nukta tangu ujana wake. Wifi aliulizwa wa kwanza. Akasema alichokwisha kusema. Safari hii hakutazama sakafu. Uongo ukisemwa mara ya tatu hupata miguu ya kusimamia.

Mwakilishi wa wafanyakazi akajaribu kumtupia Bi Nukta kamba. "Mwenyekiti, labda tatizo liko katika tafsiri. Labda neno la Kiingereza lilikuwa jepesi zaidi, kwamba mtumishi *anaweza kudhaniwa* amejiuzulu. Kama Kiswahili kimekosea, basi watumishi wamepotoshwa, na rufaa ina mguu. Bi Nukta ni mtaalamu, atueleze."

Alimkonyeza. Mwenyekiti akamgeukia. "Eleza, Bi Nukta. Neno lenyewe lina maana gani?"

Lilikuwa jambo la sentensi moja. Angesema tafsiri ilikosea, angerudi kwenye meza yake kesho, na doa lingekuwa la Wifi, maana rasimu ile ilikuwa na mwandiko wa Wifi. Chumba kizima kilimngoja.

"Tafsiri iko sawa," alisema. "Neno lenyewe lilikuwa la hakimu zamani. Hakimu alikuwa lazima asikilize kwanza, ndipo ahukumu. Siku hizi ni neno la karani. Siku zikitimia linafanya kazi lenyewe, halimuulizi mtu. Kinachohesabiwa si lazima kiwe kimetokea. Kingekuwa kimetokea, sheria isingehitaji kukihesabu. Neno halijakosea, Mwenyekiti. Kifungu kinasema 'bila taarifa'. Mimi nilitoa taarifa. Hilo ndilo ninaloomba mlisikilize."

"Una shahidi?"

Mlango wa kikao ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Kwenye benchi la ukumbini alikuwa amekaa Mama, magongo yameegemea ukuta, amemsindikiza binti yake. Bi Nukta alimwona kipande: mkono mmoja na ncha ya mtandio. Mkono ulikuwa unafinyafinya ncha ile.

"Nilikuwa naye," alisema.

"Yuko wapi?"

"Amesahau."

Yule bibi wa utumishi aliacha kuandika akamtazama, kisha akatazama mlangoni, kisha akaendelea kuandika.

Waliitwa baada ya chakula cha mchana. Mwenyekiti alisoma. Kamati haikupata ushahidi wa kutosha kwamba taarifa ilitolewa. Hata hivyo, kwa kuzingatia utumishi wake uliotukuka, kamati haioni vema aondoke na doa la utoro. Kwa sababu hiyo kamati inamhesabu kuwa amestaafu kwa hiari, na atapata haki zote za mstaafu.

Mwakilishi wa wafanyakazi alimpa mkono akasema amejitahidi. Na kweli alikuwa amejitahidi. Bi Nukta alimshukuru. Kwa hiyo hakuwa amejiuzulu tena, wala hakuwahi kujiuzulu. Sasa alikuwa amestaafu, ingawa hakustaafu. Alitaka kucheka na alijua akianza hatanyamaza, akauma mdomo.

Walimjia miezi miwili baadaye, Jumapili, wote wawili, Mama katikati ya magongo na Wifi nyuma amebeba kikapu cha matunda. Bi Nukta aliwafungulia mlango. Mgeni hafukuzwi. Akawatengea chai, akakaa.

Wifi alilia kabla hajasema. Kisha akasema yote, kwa mara ya kwanza. Siku ya kwanza Mkuu alikuja akiwa na hasira, naye Wifi akaogopa kumwendea. Siku ya tatu Mkuu alimuuliza mwenzako yuko wapi, na mkataba wake ulikuwa pale mezani, haujatiwa saini. "Mdomo ukasema wenyewe, wifi. Ukasema sijui. Ukishasema sijui, utarudije?"

"Mdomo hausemi wenyewe," alisema Bi Nukta. "Na simu ulizokuwa ukinipigia? 'Mkuu anakusalimu.' Hizo nazo mdomo ulizipiga wenyewe?"

Wifi akajifunika uso kwa mtandio.

"Mwanangu," alisema Mama, "sisi ni familia. Maji yakimwagika hayazoleki. Tumekuja tuyamalize. Mimi nilikosa zaidi yake, najua. Nilikumbuka kila neno. Nilikumbuka, na nakumbuka mpaka leo." Akapumua kwa shida. "Umetufungulia mlango, umetupa chai. Basi tujue umetusamehe."

Bi Nukta aliweka kikombe chini.

"Msinihesabu hivyo, Mama. Chai ni chai. Siku nikisamehe nitatamka mwenyewe, na mtasikia. Leo sijatamka."

Chai ikapoa. Walipoinuka, Bi Nukta alimshika Mama kwapani kumvusha kizingiti, na Mama akamwegemea kwa uzito wote kama alivyokuwa akimwegemea siku zile za kujifunza kusimama. Wifi alitangulia kuita pikipiki ya magurudumu matatu. Walipoondoka, matunda yalikuwa yamebaki kwenye kiti. Bi Nukta akayapeleka kwa majirani.

Mwaka uliofuata alipata kazi ya ukalimani katika mahakama ya mwanzo, siku tatu kwa wiki. Anasimama karibu na kizimba, anawasikiliza watu wanaozungumza lugha asiyoijua hakimu, anampa hakimu maneno yao bila kuongeza wala kupunguza. Hakimu ni kijana mvumilivu. Humwacha mtu amalize. Mara nyingine Bi Nukta hurudi nyumbani amechoka kuliko alivyowahi kuchoka ghorofani kule, lakini analala.

Na Wifi bado anakaa dirishani, amepanda cheo. Wanakutana sokoni mara mojamoja. Wifi husimama na kikapu chake kama mtu anayengoja kuulizwa kitu. Bi Nukta humuuliza hali ya Mama na ya watoto, hujibiwa, huchagua nyanya zake, huenda zake. Mtu akimuuliza kama ana mawifi, husema anaye mmoja, na kwamba wanasalimiana.